Tahariri: Vipimo vya kujipima nyumbani visiuzwe bila maelezo

Mwezi uliopita, katika uwanja wa hospitali moja ya hapa Lubumbashi, mama mmoja mkaaji wa Katuba alinionyesha vipande vitatu vya plastiki vyeupe alivyokuwa amevifunga katika kitambaa. Vilikuwa vipimo vya malaria, vile ambavyo unatoboa kidole, unaweka tone la damu, kisha unangoja mistari. Vyote vitatu vilikuwa na mistari miwili. Cha kwanza alikitumia mtoto wake wa miaka miwili alipopata homa. Alinunua dawa za malaria, mtoto akazimaliza, akapona. Baada ya siku kumi na mbili homa ikarudi. Akapima tena: mistari miwili. Akanunua dawa zilezile. Siku nne baadaye mtoto akaanza kukohoa na kupumua haraka haraka, mama akapima mara ya tatu, na kipimo kikasema tena malaria. Muuzaji wa farmasi, ambaye mtaani wote wanamwita dokta, akamwambia kwamba malaria hiyo ni ya nguvu na inaomba sindano. Usiku uliofuata mtoto aliletwa hospitalini kwa pikipiki, amefungwa mgongoni, midomo imeanza kubadilika rangi.

Alikuwa na nimonia. Aliwekewa oksijeni, akapewa dawa inayofaa, na siku nilipomkuta mama yake uwanjani alikuwa ameanza kula uji. Mama hakulalamika juu ya hospitali wala juu ya muuzaji. Alichorudia mara nyingi ni kwamba yeye alipima. Hakumpa mtoto dawa ovyo, alipima mara tatu, na mara tatu akafuata jibu.

Maneno hayo yalinisumbua, kwa sababu mama huyo alifanya kile ambacho sisi watu wa habari tumekirudia redioni na kwenye kurasa zetu kwa miaka. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani, OMS, linaomba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Ni shauri zuri. Kabla ya hapo kila homa ilikuwa malaria na kila malaria ilikuwa kinini. Lakini tulipowaambia watu wapime, hatukuwaambia kipimo kinaona nini na hakioni nini.

Vipimo vingi vya malaria vinavyouzwa katika farmasi zetu havitafuti mdudu mwenyewe. Vinatafuta protini ambayo mdudu huyo anaiacha katika damu. Dawa ikishaua wadudu, protini hiyo haitoki siku hiyo hiyo. Inaweza kubaki katika damu wiki kadhaa, hata wiki nne au zaidi. Katika siku hizo zote mtoto aliyepona malaria bado ataonyesha mistari miwili, hata kama homa aliyo nayo sasa inatoka kwenye mapafu, kwenye masikio au kwenye mkojo. Kwa hiyo kipimo cha pili na cha tatu cha yule mama havikuharibika. Vilikuwa vinasema kwamba mtoto aliugua malaria siku si nyingi, jambo ambalo mama alilijua tayari. Mtu aliyetibiwa malaria karibuni na homa imemrudia anahitaji damu yake iangaliwe kwa darubini, ambako wanatafutwa wadudu wenyewe, na zaidi ya hapo anahitaji mtu wa kumwangalia yeye mzima mzima, si damu yake tu.

Kuna kosa la upande wa pili pia: mstari mmoja wakati malaria ipo. Kipimo kinaweza kushindwa kwa sababu kimekaa katika joto. Vingi vinaomba kuhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 30, vingine vinavumilia hadi 40. Anayeijua Lubumbashi mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, anajua hali ya kibanda cha mabati saa nane mchana, na umeme ukikatika hata farmasi yenye feni inakuwa tanuru. Kipimo kinaweza pia kushindwa kwa sababu pakiti ilifunguliwa jana ikabaki wazi na unyevu ukaingia. Au kwa sababu ya saa. Kila kipimo kina dakika zake za kusomwa, na anayekisoma mapema mno, au anayekisahau mezani hadi asubuhi, anasoma kitu ambacho hakina maana tena. Dakika hizo zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya boksi. Tatizo ni kwamba mara nyingi boksi moja lina vipimo 25 na karatasi moja. Muuzaji anauza kimoja kimoja, karatasi inabaki kwake, na kwa bidhaa nyingi zinazopita Kasumbalesa karatasi yenyewe ni ya Kiingereza.

Waganga kadhaa niliozungumza nao wana dawa fupi ya ugonjwa huu: vipimo vipigwe marufuku nje ya vituo vya afya. Ninaelewa hasira yao, wao ndio wanaopokea watoto usiku. Lakini sikubaliani nao. Mtu hapimi nyumbani kwa sababu anadharau hospitali. Anapima nyumbani kwa sababu huko atalipa fishi kwanza, halafu labo, halafu dawa, na pesa aliyo nayo inatosha kitu kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Anapima nyumbani kwa sababu kituo cha afya kiko mbali na usafiri wa kwenda na kurudi ni chakula cha siku moja. Na kuna ugonjwa ambao mtu anaogopa kuonekana akiuliziwa. Ukiondoa kipimo mikononi mwa watu hao, hawataenda hospitalini kesho. Watarudi kwenye kinini bila kipimo.

Nchi yetu ni ya pili duniani, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Hatuwezi kujifanya kwamba ugonjwa wa namna hiyo utamalizwa na waganga peke yao. Ila pia hatuwezi kusahau tuliyoyaona katika Kivu Kaskazini na Ituri. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilipata watu 3.470 na kuua 2.287. Siku za kwanza mgonjwa wa Ebola ana homa, kichwa, uchovu, kutapika, yaani kile ambacho kila familia ya Beni na Butembo inakiita malaria. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Malaria ilikuwa nyingi kiasi kwamba mwezi wa Novemba 2018 ilibidi dawa za malaria zigawiwe kwa wakaaji wa Beni bila kungoja vipimo, ili kupunguza wenye homa waliokuwa wanajaza vituo vya Ebola. Fikiria sasa nyumba ambako mgonjwa amepimwa, mistari miwili imetoka, na wote wamepumua. Ni malaria tu. Dada anamwosha kwa mikono mitupu, mama analala naye kitanda kimoja. Jibu la kweli juu ya malaria linakuwa mlango wa kuingilia ugonjwa mwingine. Katika nchi ambako Ebola hurudi kila baada ya miaka michache, neno hilo lilipaswa kuandikwa kwenye kila boksi.

Sitasema mengi juu ya kaseti za tifoidi zinazouzwa siku hizi pembeni ya zile za malaria. Lubumbashi kila mtu ana tifoidi. Ukiumwa tumbo ni tifoidi, ukichoka ni tifoidi, na kipimo hakikosi kukupatia mstari, kwa sababu askari wa mwili waliowahi kupigana na ugonjwa huo wanaweza kuonekana muda mrefu baada ya vita. Matokeo yake ni dawa za antibiotiki zinazomezwa bila sababu, hadi siku zitakapohitajika kweli na zisifanye kazi.

Kipimo kinachoomba tukae nacho zaidi ni kile cha Sida.

OMS ilikubali watu wajipime wenyewe virusi vya Ukimwi mwaka 2016. Kuna kipimo cha kupitisha kijiti kwenye fizi, kuna cha damu ya kidole. Ninaviunga mkono bila kusita. Nina marafiki wa rika langu ambao hawangeingia hata siku moja katika chumba chenye maandishi ya Sida mlangoni, kwa sababu binamu anafanya kazi ya usafi hapo, au mke wa mchungaji anangoja kwenye benchi. Chumbani mwao, mlango umefungwa, walipima. Wengine kati yao leo wanameza dawa na wana afya kuliko mimi. Hiyo ni faida ambayo hakuna marufuku inayopaswa kuiondoa.

Lakini chukua kijana aliyelala na mtu Jumamosi bila kinga, na Jumatatu ana wasiwasi. Ananunua kipimo, anaona mstari mmoja, anapiga picha, anaituma kwa yule mwingine kwenye WhatsApp, wanafurahi. Kipimo hicho hakiwezi kuona maambukizi ya juzi. Mwili unahitaji wiki kadhaa kabla ya kutengeneza kile ambacho kijiti kinatafuta, na ili kuwa na uhakika hungojwa hadi miezi 3. Ubaya zaidi ni kwamba Jumatatu hiyo alikuwa bado na nafasi. Kuna dawa ya kuzuia virusi visishike baada ya hatari, humezwa siku 28, na inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo. Dawa hiyo hiyo ndiyo mwanamke aliyebakwa anapaswa kupewa haraka, na nchi yetu ina wanawake wengi mno wa kuiambia habari hii. Kijana wetu alitumia saa hizo kufurahia mstari mmoja. Hakuna mtu aliyemwuliza, wakati anatoa franka zake, hatari hiyo ilitokea lini.

Chukua sasa mtu ambaye anaishi na virusi tangu miaka, anameza dawa zake kila siku, na katika maombi ameambiwa kwamba amepona. Anataka ushahidi. Ananunua kijiti cha kinywani, na kijiti kinaonyesha mstari mmoja. Analia kwa furaha, anasimama mbele ya kanisa zima na kile kijiti mkononi, kesho yake anaacha dawa. Ninaandika hili nikijua kwamba wasomaji wengine wataniona ninapigana na imani. Sivyo. Nami nina kanisa langu. Lakini karatasi za vipimo hivyo zenyewe husema kwamba mtu anayemeza dawa za virusi asijipime, kwa sababu dawa zikifanya kazi vizuri kwa muda mrefu zinaweza kupunguza kile ambacho kipimo kinatafuta hadi kisionekane. Mstari mmoja kwa mtu huyo unaweza kumaanisha kwamba dawa zinafanya kazi yake. Akiziacha, virusi vinarudi, na vinaweza kurudi vikiwa vimezoea dawa hizo. Muuzaji anajua hilo? Mchungaji analijua? Wachungaji wetu ni watu wa kusikilizwa kuliko wizara yoyote, na neno moja kutoka kwenye mimbari lingeokoa watu.

Upande wa mistari miwili, sheria ya kazi ni moja: kipimo cha nyumbani hakimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa Sida. Kinamwambia aende akapimwe tena kwa vipimo vingine, kituoni, na kule ndiko jibu linathibitishwa. Wengine wataambiwa kwamba hawana virusi. Mtu aliyejipima saa sita usiku, peke yake, hajui hilo. Mshauri wa kituo cha afya ana maneno ya dakika hiyo, kijiti hakina. Ndiyo maana ninaogopa hesabu ambayo itatujia hivi karibuni. Huduma za Sida hapa Haut-Katanga zimetegemea kwa miaka pesa za Marekani kupitia PEPFAR, na Januari 2025 tuliona jinsi uamuzi mmoja wa Washington unavyoweza kusimamisha misaada. Pesa zikipungua, kipimo ni rahisi kugawa kuliko kulipa mshauri. Kitagawiwa kipimo, mshauri ataenda nyumbani, na ripoti itaonyesha idadi nzuri ya waliopimwa.

Kuna pia kipimo ambacho mtu hakukichagua. Mume anarudi kutoka Kolwezi baada ya miezi, anaweka boksi mezani na kumwambia mke wake apime mbele yake. Bibi wa nyumba anampima mfanyakazi kabla ya kumpa ufunguo wa jikoni. Familia ya bwana inaleta kipimo siku ya mahari, ikisema ni kwa usalama wa wote. Kituoni muuguzi angemtoa nje mwingine yeyote na kufunga mlango. Nyumbani mwenye nguvu ndiye anayesoma mistari. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi hivi na za wale wanaoguswa navyo, lakini sheria haiingii chumbani, na mwanamke anayefukuzwa usiku na watoto wake hana pa kuipeleka. Makanisa yanayoomba wachumba walete cheti cha vipimo yangefanya vizuri kusema wazi kwamba kijiti cha nyumbani hakikubaliwi, wala kama cheti wala kama hukumu.

Kwa vifaa vya sukari na vya tansio nitakwenda haraka, ingawa vimeanza kuwa vingi katika nyumba zenye ndugu nje ya nchi. Kaka aliye Canada au Uingereza anamtumia baba kifaa cha sukari. Kifaa kinaandika 11. Mzee anatulia, kwa sababu muganga wake amemzoesha namba za miligramu na anajua kwamba 110 si mbaya, sasa 11 itakuwa nini? Kumbe vifaa vya nchi hizo huhesabu kwa milimoli, na 11 ya huko ni karibu 200 ya huku. Ni namba ya kumpeleka mtu hospitalini, imesomwa kama habari njema. Kinyume chake, anayepima baada ya kumenya embe bila kunawa mikono atapima sukari ya embe. Na sindano ya kutoboa kidole ni ya mtu mmoja, mara moja. Familia inayopokezana sindano moja ili kuona nani ana sukari inaweza kupokezana homa ya ini aina ya B. Kwa tansio, kaa kimya dakika 5, mkono uwe sawa na moyo, mkanda usiwe mdogo kuliko mkono. Namba 140 kwa 90 iliyoonekana mara moja baada ya kupanda ngazi si ugonjwa, na namba nzuri ya leo si ruhusa ya kuacha dawa. Namba ni nzuri kwa sababu ya dawa.

Kipimo cha mimba ndicho kinachozoeleka kuliko vyote, na kwa kawaida hakina shida. Lakini kinasema mimba ipo, hakisemi iko wapi. Mwanamke mwenye mistari miwili na maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, au damu inayotoka, au kizunguzungu, asingoje mwezi uishe. Mimba iliyoshika nje ya kizazi ikipasuka inaua kwa saa chache.

Nani afanye nini? Kwanza, nisianze na akina mama. Tumezoea kumalizia habari za namna hii kwa kuwaambia wananchi wawe waangalifu, kana kwamba wao ndio walioleta boksi la lugha ya kigeni na kulianika juani. Wa kwanza ni ACOREP, mamlaka ya dawa ya nchi yetu, ambayo inapaswa kuomba kila kipimo kinachouzwa kimoja kimoja kiende na karatasi yake kwa Kifaransa na kwa lugha ya mahali: Kiswahili huku, Lingala, Kikongo na Tshiluba kwingine. Nusu ukurasa unatosha. Dakika za kusoma, tarehe ya mwisho, nini cha kufanya mistari ikiwa miwili na nini cha kufanya ikiwa mmoja. Nusu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Kwa mtoto mwenye homa ingesema hivi: kipimo kisemavyo chochote, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea hadi haamki vizuri, au akipumua haraka, mpeleke hospitalini sasa. Kwa mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5, haraka ni pumzi 40 au zaidi kwa dakika. Mama yeyote mwenye simu anaweza kuhesabu dakika. Hicho nacho ni kipimo cha nyumbani, hakina bei, na kingemleta mtoto wa Katuba siku mbili mapema.

Wa pili ni wenye farmasi. Anayeuza kipimo ndiye anayeuza dawa, na mistari miwili inamletea pesa kuliko mstari mmoja. Sisemi wote ni wezi. Nimewaona wanaomrudisha mtu na kumwambia aende kwa muganga, wakapoteza mauzo. Lakini farmasi nyingi za mitaani hazina mfamasia, zina kijana aliyejifunza kwa kuangalia. Kijana huyo anaweza kufundishwa maswali matatu: mgonjwa alitibiwa malaria lini mara ya mwisho, hatari ilitokea lini, na kama anameza dawa fulani kila siku. Wakaguzi wanaopita kuomba kodi na karatasi za kibali wangeweza pia kuuliza kama anayajua.

Na wa tatu ni vituo vya afya vyenyewe. Mtu akija na kipimo chake mkononi asitukanwe kwamba amejifanya dokta. Amekwisha kufanya nusu ya safari. Wapo wanaofokewa mbele ya benchi zima, na hao hawarudi tena. Mpango wa taifa wa kupambana na Ukimwi, PNLS, na ule wa malaria, PNLP, vingepaswa kuamua jambo moja dogo lenye uzito: anayekuja kuthibitisha kipimo cha nyumbani asilipe fishi. Kituo kitapoteza franka kidogo. Lakini kumwambia mtu athibitishe kisha kumlipisha mlangoni ni kumwambia arudi farmasi.

Yule mama wa Katuba alikuwa bado na vipimo viwili ambavyo havijafunguliwa. Aliniuliza kama avitupe. Sikuwa na jibu, nikamwambia amwulize muuguzi. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye haraka, alivichukua, akaangalia tarehe ya mwisho, akavipapasa kuona kama pakiti zimechanika. Kisha akatoa kalamu na kuandika juu ya kila pakiti siku ambayo mtoto alimaliza dawa za malaria na, chini yake, siku ambayo kabla yake kisitumiwe kwa mtoto huyo. Akamwambia homa ikirudi kabla ya siku hiyo aje moja kwa moja, na akamwandikia namba ya simu ya chumba cha watoto. Kazi yote ilichukua dakika mbili. Mama akavirudisha katika kitambaa, akakifunga, akaenda kumlisha mtoto.